Nani Atambeba? Historia ya Moto, Ngazi na Mtu Asiyeweza Kushuka

Katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, mahali ambapo Milima ya Livingstone inashuka wima hata kukaribia maji, kipo kijiji kiitwacho Ikombe. Ni kijiji cha Wakisi, watu wa ziwa na udongo. Wanaume wao wamejulikana tangu zamani kwa uvuvi, na wanawake wao kwa ufinyanzi wa vyungu, ambavyo hupakiwa katika mitumbwi na kupelekwa sokoni Matema, na kutoka hapo huenea katika nchi ya Kyela na Rungwe. Wamisionari wa Berlin walijenga kituo chao hapo mwaka 1893. Msomaji aweza kuuliza: insha iliyokusudiwa kueleza habari za nyumba za ghorofa, na hatari ya moto kwa wakazi wake wenye ulemavu, yaanzaje mahali ambapo nyumba zimezoea kukaa juu ya ardhi tupu? Jibu ni kwamba swali kubwa la jambo hili si la matofali wala la saruji. Ni swali la watu, nalo ni hili: moto ukitokea, nani atambeba yule asiyeweza kutoka mwenyewe? Swali hilo ni la zamani kuliko ghorofa ya kwanza, na twaweza kuliona waziwazi zaidi pale ambapo ghorofa haijalifunika.

Tuanze na moto wenyewe. Mfinyanzi wa Kikisi hachomi vyungu vyake katika tanuri la kujengwa. Huvipanga mahali peupe, akavizungushia kuni na majani makavu, kisha akawasha. Kazi hiyo humfundisha mtu adabu ya moto. Kabla ya kuwasha, mahali pamekwisha chaguliwa, kuni zimekwisha kusanywa, na mikono ya kusaidia iko karibu. Moto uliokusudiwa una mpango. Moto usiokusudiwa ndio unaowakuta watu bila mpango. Mara nyingi tofauti kati ya moto mtumishi na moto adui si ukubwa wa ndimi zake, bali ni utayari wa watu wanaokabiliana nao.

Nyumba za kale za upande huu wa ziwa zilijengwa kwa mianzi, udongo na nyasi. Msafiri Joseph Thomson, aliyepita Unyakyusa mwaka 1879, alizisifu kwa usafi na ustadi wake. Lakini nyumba ya nyasi, kwa uzuri wake wote, haina subira na cheche. Paa likishika moto, muda wa kuokoa ni mfupi sana. Hata hivyo, kwa mtu asiyeweza kutembea, nyumba ile ilikuwa na rehema mbili. Ya kwanza, kitanda chake kilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, na nje ya mlango ni ardhi. Ya pili, ukelele wa moto uliwafikia watu waliomjua. Hawakuhitaji kuandikiwa kwamba katika nyumba ile yumo bibi aliyepooza miguu. Walimjua, walimjua na mahali alipolala, na walijua kwamba hataweza kutoka mwenyewe. Mpango ulikuwako, ijapokuwa haukuwa na karatasi. Ulikaa katika kichwa cha kila jirani.

Lakini yatupasa kujihadhari tusiigeuze zamani kuwa pepo. Kujua kwa jirani kulitegemea kuona, na si kila mtu mwenye ulemavu aliyeruhusiwa kuonekana. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki walikuwako, na wangaliko, watoto waliofichwa ndani kwa ajili ya aibu ya wazazi wao. Na aliyefichwa hana jirani. Tena, msaada ule ulikuwa hisani, wala haukuwa haki. Hisani humfikia kwanza anayependwa, kisha anayevumiliwa, na mwisho kabisa anayechukiwa. Wazee wetu waliuona udhaifu huu wa moyo wa binadamu, wakauonya kwa maneno mawili tu: hujafa, hujaumbika. Maana yake ni kwamba asiye na ulemavu leo asijihesabu kuwa amekwisha kuumbwa.

Jirani wa Wakisi, yaani Wanyakyusa, wanatupa mfano mwingine wa kutafakari. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya uchunguzi wao huko kati ya mwaka 1934 na mwaka 1938, walieleza desturi ya vijiji vya marika. Wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi waliondoka katika kijiji cha baba zao, wakajenga chao, wakaishi pamoja na wenzao wa rika moja mpaka uzeeni. Desturi hiyo ilikuza ujirani wa namna ya ajabu, na Monica Wilson aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1951. Lakini tukiitazama kwa macho ya siku ya moto, twaona jambo ambalo haliko wazi kwa mara ya kwanza. Rika likizeeka, kijiji kizima kinazeeka; nguvu za wote zapungua pamoja. Kilichoziba pengo hilo ni kwamba vijiji vya wana havikuwa mbali. Vijana walirudi kulima mashamba ya baba zao na kula chakula kwa mama zao. Kwa hiyo mikono yenye nguvu ilikuwa karibu. Funzo hilo tuliweke akilini, maana tutalihitaji tena: kuwakusanya mahali pamoja watu wenye udhaifu wa namna moja si hatari yenyewe, hatari ni kuwakusanya mbali na mikono.

Na mikono hiyo ilijua kazi ya kubeba. Katika nchi za Ziwa Nyasa, enzi za ukoloni, chombo cha safari kilichojulikana sana kilikuwa machela: kitambaa kizito au wavu uliofungwa katika mti mrefu, na mti huo ukawekwa mabegani mwa watu. Wabebaji walikwenda kwa zamu. Wawili walibeba, wenzao wakafuata nyuma, na kwa ishara moja walibadilishana bila kumweka abiria chini. Walipanda milima na kuvuka mito kwa namna hiyo. Kwa nani? Kwa afisa, kwa mfanyabiashara, kwa mzungu ambaye mara nyingi miguu yake ilikuwa mizima kabisa. Hapa historia ina kejeli yake. Maarifa yote ya kumchukua binadamu mahali pasipopitika, yaani chombo chepesi, wabebaji waliotajwa kwa majina, akiba ya wabebaji na zamu iliyofanyiwa mazoezi, yalikuwako nchini miaka mia na zaidi iliyopita. Ila yaliwekwa katika utumishi wa cheo, wala si katika utumishi wa haja. Basi asituambie mtu kwamba kumbeba mtu ngazini ni jambo lisilowezekana. Lililokosekana halikuwa uwezo. Lilikuwa ni uamuzi juu ya nani astahiliye kubebwa.

Sasa na tuje kwenye ghorofa. Nyumba za orofa si ngeni pwani. Mji Mkongwe wa Unguja una nyumba ndefu za mawe, na Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, husifiwa kuwa jumba la kwanza katika Afrika Mashariki kuwa na lifti ya umeme. Lakini ghorofa kama makazi ya watu wengi wa kawaida ni mambo ya siku za karibu. Tanganyika ilipopata uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na baada ya muda majengo ya shirika hilo yakaonekana katika mitaa ya Dar es Salaam. Unguja, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, serikali ya Abeid Amani Karume ilijenga nyumba mpya Kilimani, kisha Michenzani, kwa mipango iliyoanza pamoja na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki. Majengo ya Michenzani, marefu mfano wa treni zilizosimama, yalikusudiwa kumtoa mwananchi katika kibanda cha udongo na kumpa nyumba ya heshima yenye umeme na maji. Kusudi hilo lilikuwa jema, na heshima ile ilikuwa ya kweli.

Lakini kila nyumba humwazia mkazi wake. Aliyechora ramani ya ghorofa za miaka ile alimwazia mfanyakazi kijana, mwenye mke na watoto, anayepanda ngazi asubuhi na jioni bila kuhema. Hakumwazia mama yake mfanyakazi huyo, aletwaye kutoka Ikombe au Makunduchi kuja kutibiwa mjini. Hakumwazia mfanyakazi yuleyule miaka 40 baadaye, akiwa na magoti mabovu. Hakumwazia mtoto aliyezaliwa na miguu isiyosimama. Watu hawa waliingia ghorofani kama wengine, kwa maana hapana ghorofa isiyozaa watoto wala isiyozeesha watu. Waliingia, wakapandishwa, wakakaa. Kwa siku za amani walisaidiwa na wana wao, au na lifti pale ilipokuwako. Lakini kila jengo lenye lifti huandikwa onyo kwamba isitumiwe wakati wa moto. Maana yake, mashine iliyomfikisha mtu juu siku ya amani humwacha huko huko siku ya hatari. Zile hatua chache za nyumba ya nyasi zikawa ngazi mia. Na jirani aliyemjua akawa mpangaji wa mlango wa pili ambaye jina lake halijulikani.

Dunia nzima ilikutana na shida hii, na namna Waingereza walivyoijibu ni somo kubwa kwetu, kwa kuwa kanuni nyingi za ujenzi za nchi zetu zina asili ya kwao. Mwaka 1962 walitoa mwongozo wa ujenzi wa nyumba za ghorofa uliotegemea wazo moja: kila makazi ndani ya jengo yawe kama sanduku la zege, lenye kuta na milango ya kuuzuia moto kwa muda wa kutosha. Moto ukiwaka katika chumba kimoja utabaki humo mpaka wazimamoto wafike. Kwa hiyo wakazi wengine hawana haja ya kukimbia, wakae ndani. Tazama jinsi wazo hilo lilivyolimaliza swali letu bila kulijibu. Ikiwa wote watakaa, basi mtu mwenye ulemavu ni sawa na wote, wala hahitaji mpango wake mwenyewe. Ni usawa wa kweli, lakini ni usawa wenye sharti: ukuta usishindwe. Mwongozo mwingine uliotolewa huko mwaka 2011 ulisema waziwazi kwamba katika majengo ya kawaida ya wapangaji, kwa sehemu kubwa si jambo la kutazamiwa kwamba mwenye nyumba ataweka mipango maalumu ya kuwatoa watu wa namna hiyo.

Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 ukuta ulishindwa. Jengo la Grenfell Tower mjini London, lenye orofa 24 na ngazi moja tu, lilikuwa limevikwa nje vifaa vipya vilivyokamilishwa mwaka 2016, na vifaa hivyo viliwaka. Simu ya kwanza ilipigwa saa 6 na dakika 54 usiku. Amri ya kukaa ndani haikuondolewa mpaka saa 8 na dakika 47. Watu 72 walikufa, miongoni mwao watu wenye asili ya Eritrea, Ethiopia na Sudan. Wakazi wenye ulemavu katika jengo hilo walikuwa 37; kati yao 15 walikufa. Hesabu hiyo haihitaji ufafanuzi mrefu. Wale ambao mpango uliwasahau ndio waliolipa zaidi mpango uliposhindwa.

Yaliyofuata yana mafunzo kuliko moto wenyewe. Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake ya kwanza tarehe 30 Oktoba 2019, ikashauri kwamba sheria imlazimishe kila mwenye jengo refu kuandaa mpango wa kumtoa kila mkazi ambaye uwezo wake wa kujitoa una kasoro. Mwaka 2022 serikali ilikataa ushauri huo. Ilisema ni mgumu kutekelezwa, gharama yake ni kubwa kuliko kiasi, na kwamba wanaobebwa waweza kuziba ngazi na kuwazuia wengine. Wakazi wenye ulemavu na ndugu wa marehemu hawakunyamaza. Ripoti ya mwisho ya tume ilitoka tarehe 4 Septemba 2024, na mwaka 2025 zikatungwa kanuni za mipango hiyo katika Uingereza, zikapangiwa kuanza kazi tarehe 6 Aprili 2026. Yaani kutoka mwaka 1962 mpaka kanuni hizo ni zaidi ya miaka 60. Nchi tajiri, yenye wazimamoto wengi na wanasheria wengi, ilihitaji muda wote huo, na vifo vile, kukubali kwamba swali la nani atambeba ni swali la sheria.

Yule atakayesema kwamba kubeba ngazini ni ndoto, na atazame mji wa New York. Baada ya bomu la mwaka 1993 katika majumba mawili marefu ya biashara mjini humo, vilinunuliwa viti vyepesi vya kuteremshia watu ngazini. Tarehe 11 Septemba 2001, mtu mmoja aliyepooza viungo, aliyefanya kazi katika orofa ya 69, aliwekwa katika kiti cha namna hiyo na wenzake kumi wakamteremsha kwa zamu mpaka chini. Waliokoka wote. Katika jumba hilohilo, orofa ya 27, mtu mwingine wa kiti cha magurudumu alingoja waokoaji pamoja na rafiki yake aliyekataa kumwacha. Wote wawili walikufa. Upendo ulikuwako pande zote mbili. Upande wa kwanza kulikuwako pia chombo na idadi ya watu ya kutosha. Ninaposoma habari za wale kumi waliobadilishana ngazini, siwezi kuacha kuwakumbuka wabebaji wa machela wa Ziwa Nyasa.

Nchi zetu hazikukosa maonyo yake zenyewe. Mwaka 2001, katika shule ya Kyanguli, wilaya ya Machakos nchini Kenya, wavulana 67 waliungua katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yake yana nondo. Wale walikuwa vijana wenye miguu mizima. Mlango uliofungwa na dirisha la nondo humfanya kila mtu kuwa asiyejiweza. Tarehe 25 Oktoba 2022, moto ulitokea usiku katika shule ya wasioona ya Salama, wilaya ya Mukono nchini Uganda, na watoto 11 walikufa. Hapa ndipo linaporudi funzo la vijiji vya marika. Shule, hosteli, nyumba ya wazee na ghorofa ni vijiji vya watu waliokusanywa. Usiku, swali la kuuliza si vitanda vingapi viko ndani, bali mikono mingapi iko karibu, tena iko macho.

Tanzania haina upungufu wa sheria. Mwaka 1982 zilitungwa sheria mbili juu ya watu wenye ulemavu: moja ya matunzo, nyingine ya ajira. Mwaka 2007 ilitungwa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mwaka 2009 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 11 kinaitaka serikali kuhakikisha usalama wao katika hali za hatari. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, ikizungumza habari za haki pale ambapo sheria za 1982 zilizungumza habari za matunzo. Hata lugha ilibadilika. Kiswahili cha kale kiliwaweka watu hawa katika ngeli ya vitu: kilema, kiwete, kipofu, kiziwi. Sheria mpya inasema mtu kwanza, ulemavu baadaye. Mabadiliko hayo si mapambo ya maneno, maana kitu huhifadhiwa, lakini mtu huulizwa. Walakini baina ya sheria hizi kuna pengo. Sheria ya zimamoto hulitazama jengo: mitungi, milango, njia. Sheria ya ulemavu humtazama mtu: elimu, kazi, heshima. Mpango wa kushuka ni pale ambapo jengo na mtu hukutana, katika ngazi fulani, saa fulani ya usiku. Na hapo ndipo kila sheria hudhani kwamba mwenzake yupo.

Mpango huo ni kitu gani? Kwanza, si mmoja kwa wote. Kiziwi ana miguu. Anachohitaji ni kujulishwa, kwa kuwa king'ora hakimfikii, basi awepo mtu wa kumgusa au taa ya kumwamsha. Asiyeona aliyeizoea ngazi yake aweza kuwa kiongozi wa wengine, maana katika moshi wote ni vipofu, na yeye peke yake ndiye aliyewahi kujifunza kuipita njia ile gizani. Mwenye ulemavu wa akili anahitaji mazoezi ya mara kwa mara na sauti anayoifahamu. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji wabebaji, chombo, na ahadi. Kwa hiyo hapana mtu awezaye kuandika mpango huu ofisini peke yake. Hapana budi mwenyewe aulizwe: unaweza nini, huwezi nini, ushikwe wapi, usishikwe wapi.

Pili, mpango una majina. Kuandika ukutani kwamba wasiojiweza wasaidiwe ni sawa na kutoandika neno, kwa sababu kazi ya watu wote huwa si kazi ya mtu yeyote. Nchi yetu iliwahi kuwa na chombo kilicholijua jambo hili. Katika miaka ya 1960 chama cha TANU kiliweka mabalozi wa nyumba kumi, na balozi alitazamiwa kumjua kila mtu katika nyumba zake. Mfumo ule ulikuwa na mambo yake mema na mabaya, kwa kuwa jicho linalojali na jicho linalopeleleza hukaa katika uso mmoja. Na tangu kurudi kwa vyama vingi mwaka 1992 umebaki kuwa mambo ya chama. Lakini kipimo chake kilikuwa sahihi. Milango kumi ya ngazi moja ni kijiji. Tangu mwaka 2008 tunayo sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, inayowapa wenye makazi katika jengo moja umoja wao wa kulisimamia. Umoja huo ukiweza kukubaliana juu ya ada ya ulinzi na maji, waweza pia kukubaliana kwamba mama wa orofa ya tano atabebwa na fulani na fulani, na kwamba wakiwa safarini nafasi yao itashikwa na fulani.

Tatu, majina hayo yawe amana. Nchi ambayo imeona watu wenye ualbino wakiwindwa na kuuawa kwa imani za uchawi haiwezi kubandika mlangoni orodha ya wakazi wake wenye ulemavu. Kanuni mpya za Uingereza zinataka mkazi akubali kwanza, na habari zake zitunzwe mahali pa usalama panapofikiwa na wazimamoto. Sisi tuna sababu kubwa kuliko yao ya kufanya hivyo.

Zipo hoja za kupinga, nazo zastahili kujibiwa. Ya kwanza ni ile inayosema ajali haina kinga. Methali hiyo hufariji baada ya msiba, lakini hugeuka kuwa udhuru inapotangulia msiba. Ya pili ni gharama. Blanketi imara, kiti cha kuteremshia na mazoezi mara mbili kwa mwaka si gharama iliyo kubwa kuliko lango na bustani ya jengo lilelile. Ya tatu ni kwamba tuwangoje wenye kazi yao. Namba 114 ni ya zimamoto, na yapasa ijulikane na kila mtoto. Lakini wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na katika barabara za Dar es Salaam zilizojaa magari fimbo ile iko mbali sana. Ya nne, iliyo nzito kuliko zote, ni kwamba wabebaji wataziba ngazi na kuwahatarisha wengi. Hoja hii hudhani kwamba asiye na mpango hatabebwa. Historia yakanusha. Mwana hamwachi mama yake. Atambeba, kwa vyovyote, peke yake, mgongoni, katikati ya umati. Kuchagua si kati ya kubeba na kutobeba. Ni kati ya kubeba kwa utaratibu na kubeba kwa fujo.

Tarehe 23 Machi 2022 zilizinduliwa nyumba za Magomeni Kota, Dar es Salaam, kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zimeondolewa katika nyumba za chini zilizokuwa pale pale. Wengi waliorudi walikuwa wamezeeka kwa miaka kumi tangu waondolewe. Majengo kama hayo yataongezeka, kwa sababu ardhi ya mjini haiongezeki. Wajukuu wa wafinyanzi wa Ikombe watakaa orofa ya sita na ya kumi, na siku moja watawaleta bibi zao. Kwao kijijini, ambako kwa muda mrefu njia zilikuwa mtumbwi na kijia cha kando ya ziwa, mgonjwa asiyeweza kutembea hakufika hospitali ya Matema ila kwa mikono ya watu waliojulikana kwa majina. Mjini tumezijua lifti, kamera na walinzi, tukadhani kwamba majina hayana kazi tena. Kazi yake ingaliko. Kila ngazi ya jengo iwe na watu wake walioahidi, na kila anayelala juu ajue, kabla hajazima taa, ni nani atakayegonga mlango wake.